Constructor Mwingine wa Tunduma

Mwalimu Marita Mbonile alistaafu akiwa na miaka sitini, baada ya kufundisha hisabati kwa miaka thelathini na sita kule Iyula, na ndugu zake wote walikuwa wameshamwamulia cha kufanya. Afuge kuku. Kila aliyekuja kumpongeza alikuja na habari za kuku: banda liwe hivi, chanjo iwe vile. Akafuga. Kuku mia moja na ishirini walikaa wiki saba, ukapita ugonjwa wa kideri, wakabaki wanne, na watatu kati ya hao walikuwa majogoo. Mwalimu akawachinja wote, akawalisha wanakwaya, akafunga banda na kuhamia Tunduma, kwenye nyumba yake ndogo upande wa Mpemba. Huko akatangaza kwamba anajifunza kutengeneza programu za kompyuta.

"Programu za nini?" mdogo wake alimuuliza kwa simu.

"Za chochote."

"Na miguu yako ilivyo mibaya hivyo?"

"JavaScript haiandikwi kwa miguu."

Aliyemfundisha lugha hiyo ya kuandikia programu ni Irene, binti wa jirani yake wa zamani, ambaye kazi yake Mbeya mjini ilikuwa hiyohiyo. Alimtumia masomo kwa WhatsApp kila Jumapili baada ya ibada. Mwalimu aliandika kila programu kwanza kwenye daftari la mraba kwa penseli, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akajipa alama, na iliyopata chini ya themanini haikuruhusiwa kuingia kwenye kompyuta. Alichokipenda kwenye kazi ile ni kwamba kompyuta haikuwa na visingizio. Haikuugua malaria siku ya mtihani. Haikufiwa na bibi yuleyule mara tatu kwa muhula. Ndani ya miaka miwili alikuwa ametengeneza ratiba ya kwaya na orodha ya wagonjwa wa kutembelewa na umoja wa wanawake, na imani moja ikawa imemkaa: mashine haikosei, anayekosea ni mtu aliyekaa mbele yake. Hakuwa amefikiria sana kwamba aliyekaa mbele ya mashine ile kuliko watu wote ni yeye.

Mwezi wa kumi na moja akajiwa na Boazi, mwenyekiti wa umoja wa bodaboda wa vijiwe vitano vya Mpemba. Boazi alikuwa amechoka. Mama mmoja kutoka Momba alikuwa ameshuka kwenye pikipiki akasahau kapu lenye bata wawili, na alichokumbuka ni jina tu lililoandikwa kwenye mgongo wa kizibao cha dereva: Chuma. Boazi akamletea Chuma. Siye. Akamletea Chuma mwingine. Siye. Kina Chuma walikuwa saba, na alipopatikana wa saba, ambaye ndiye hasa, bata walikuwa wameshaliwa na dereva anayeitwa Simba.

"Nataka kila mtu awe na jina lake moja kwenye kizibao," Boazi alisema. "Jina likichukuliwa, limechukuliwa. Na nisiwe mimi wa kugombana nao, Mwalimu. Hawa watu wanapiga. Igombane nao kompyuta."

Mwalimu akaifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Fomu ilikuwa na sehemu tatu: jina la kizibao, namba ya simu na kijiwe. Kabla ya kupokea chochote, mkaguzi, ambaye ni kipande cha programu, alitazama kama sehemu zote tatu zimo. Halafu jina likageuzwa liwe la herufi ndogo, ili CHUMA na Chuma wasijifanye watu wawili, kisha likatafutwa kwenye orodha. Likiwemo, yanatokea maandishi mekundu: Jina hili limeshachukuliwa, chagua lingine. Mwalimu alijipa tisini na sita. Zile nne alijinyima kwa ajili ya unyenyekevu.

Jumapili kiungo kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la umoja, na madereva mia moja na arobaini wakajiandikisha wenyewe. Jumatatu asubuhi Mwalimu akakaa chini ya turubai pale kijiweni na kompyuta yake, kuwasaidia waliobaki. Wa tano kwenye foleni alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, amevaa kofia ngumu ya njano ya wajenzi badala ya helmeti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu akashusha miwani. "Lusubilo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Darasa la sita B."

"Nakukumbuka. Mtihani wa mwisho, swali la nane. Uliandika 'Mwalimu anajua'."

"Si ulikuwa unajua?"

Waliokuwa nyuma wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Jina la kizibao?"

"Constructor."

Jina hilo Lusubilo alikuwa amelitolea jasho. Baada ya shule alibeba mawe kwenye kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, na aliporudi alirudi na kofia ile ya njano na Kiingereza cha maneno kumi na moja. Shangazi yake wa kijiji cha Ruanda, huko Mbozi, akamwamini, akampa kazi ya kumjengea jiko. Jiko lilianguka siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, kabla hata sufuria moja haijaingia ndani. Kuanzia hapo kijiji kizima kikamwita Constructor, yaani mjenzi, kwa kumcheka. Yeye akalipokea kama cheo. Alipokimbilia Tunduma kuendesha bodaboda alikuja nalo, na huku hakuna aliyejua habari za jiko.

Mwalimu akaandika. Maandishi mekundu yakatokea.

"Limeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na Constructor mwingine. Chagua lingine."

"Mwalimu, Tunduma nzima Constructor ni mimi. Jaribu tena."

Akajaribu tena, kwa kubonyeza taratibu, herufi moja moja, kama anayemwandikia mtoto ubaoni. Mekundu.

"Mashine imesema yupo," alisema.

"Imesema anakaa wapi?"

"Taarifa za watu haziangaliwi ovyo, Lusubilo. Nimeifunga hiyo sehemu makusudi. Andika Constructor Namba Mbili, twende mbele."

"Namba mbili?" Lusubilo akavua kofia. "Mimi niwe namba mbili kwa jina nililobomokewa nalo na jiko?" Hapo akashtuka, kwa sababu kijiwe kizima kilikuwa kimesikia.

Akaondoka bila kuandikishwa, na siku hiyo hakubeba abiria hata mmoja. Alizunguka vijiwe vyote kumtafuta Constructor mwingine. Mwanzoni hakuna aliyemjua. Kufika Jumanne walianza kumjua. Mmoja alimwona kule Chapwa, mrefu, ana pikipiki nyekundu. Mwingine alisema si mrefu, ila anakaa vizuri juu ya pikipiki. Jumatano mama muuza maharage alimwambia Lusubilo kwamba huyo Constructor mwingine amembeba mara mbili, na kwa kweli, bila kuficha, anaendesha vizuri kuliko yeye.

Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Alhamisi mtu akamwambia jina hilo limeandikwa kwenye kibao upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia. Lusubilo akaiacha pikipiki Tunduma, akavuka kwa miguu akipenya kati ya malori. Akakipata kibao. Kilikuwa juu ya karakana ya milango na madirisha ya chuma, na chini yake alikaa mzee mmoja akinywa chai.

"Mulishani mukwai," Lusubilo alisalimu kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana lakini amelelewa vizuri.

Mzee akaitikia, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akajibu kwa Kiswahili cha mpakani. "Mimi ni Constructor tangu mwaka themanini na tisa. Lakini pikipiki naiogopa sana, mukwai. Hata kuipanda sijawahi."

"Kwa hiyo siyo wewe."

"Siyo mimi." Mzee akaweka kikombe chini, uso umebadilika. "Kwa hiyo yupo wa tatu?"

Sasa wakawa wawili wanaomtafuta. Mzee alimwandikia Lusubilo barua ya kuthibitisha kwamba hajajiandikisha popote Tanzania wala hakusudii, akaipiga mhuri wa karakana mara mbili, juu na chini.

Ijumaa asubuhi Lusubilo akagonga kwa Mwalimu Marita na barua mkononi. Mwalimu alikuwa hajawahi maishani mwake kuipuuza barua yenye mhuri. Akaisoma yote, akasahihisha koma moja, akawasha kompyuta.

"Nitaangalia jina tu," alisema. "Namba ya simu ya mtu sitakupa."

Akafungua orodha, akashuka hadi herufi C. Chapati. Chui. Chuma. Cobra. Baada ya Cobra ilianza D.

Akapanda juu, akashuka tena kwa kidole. Constructor hakuwemo.

"Labda amejitoa," Lusubilo alisema.

Mwalimu akarudi kwenye fomu. Akaandika jina, akabonyeza. Limeshachukuliwa. Akatengeneza orodha mpya kabisa, tupu, isiyo na mtu hata mmoja ndani, akaiuliza kama ina constructor. Limeshachukuliwa.

Lusubilo akasogeza kiti chake nyuma kutoka mezani. "Mwalimu. Hiyo orodha si haina mtu?"

"Haina."

"Na mimi bado nimechukuliwa?"

"Bado."

"Basi tumwite mchungaji."

Mwalimu akampigia Irene, akaweka simu sauti ya juu. Irene akaomba asomewe ule mstari unaotafuta jina. Mwalimu akausoma: kama jina limo ndani ya majina, kataa. Irene akaanza kucheka, akacheka hadi Mwalimu akamwambia akimaliza apige mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu, samahani. Sikiliza. Orodha tupu ya JavaScript siyo tupu. Ukiiunda kwa mabano ya kawaida, inazaliwa na mzazi. Na mzazi ana vitu vyake, kimojawapo kinaitwa constructor. Wewe ukauliza kama jina limo. Mashine ikatazama kwenye orodha, haikuliona, ikapanda kumuuliza mzazi. Mzazi akasema limo."

"Kwa hiyo imenijibu kitu ambacho sikukiuliza."

"Imekujibu ulichouliza. Hukuuliza unachotaka kujua."

Sentensi hiyo Mwalimu alikuwa ameiandika kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita.

Lusubilo akainama kwenye simu. "Dada, samahani. Hilo jina langu limo kwenye orodha yako na wewe?"

"Limo kwenye orodha zote za namna hiyo, kaka. Duniani kote."

Lusubilo akarudi nyuma taratibu, akaivaa kofia yake.

"Dawa yake?" Mwalimu aliuliza.

"Unda orodha isiyo na mzazi. Unaandika Object.create, ndani ya mabano unaweka null. Hiyo inazaliwa tupu kabisa, hairithi chochote. Lakini Mwalimu, ukishafanya hivyo, angalia na yule mkaguzi wako wa..."

"Nimeelewa, mwanangu. Ubarikiwe." Akakata simu.

Huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akiwasimamisha nje watoto walionyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Akaandika orodha upya bila mzazi. Constructor akakubaliwa. Kwa furaha akaona haitoshi kuponya orodha peke yake. Akapita programu nzima, na kila palipoundwa chochote cha kutunza taarifa akakiondolea mzazi, pamoja na fomu za madereva. Hakuna kitakachorithi tena chochote kutoka popote. Akajipa mia. Mia ya kwanza. Kisha akampigia Boazi kumwambia kwamba kesho, kabla ya kugawa vizibao, kila dereva apitishe fomu yake upya kwenye mfumo uliorekebishwa.

Jumamosi saa nne asubuhi madereva karibu mia mbili walikuwa pale kijiweni. Boazi alikuwa ameazima spika na kipaza sauti cha kwaya. Vizibao vilikuwa vimepangwa mezani, na kwa heshima ya usumbufu alioupata, Lusubilo aliitwa wa kwanza. Boazi akaijaza fomu kwa simu yake, kuukuu na yenye ufa katikati ya kioo, akabonyeza.

"Constructor!" alitangaza. Halafu akaisogeza simu karibu na macho. "Ngojeni. Imekataa. Imeandika Kiingereza."

"Soma!" watu wakapiga kelele.

Boazi akasoma kwenye kipaza sauti, kipande kwa kipande. "Fomu. Nukta. Hazi. Oni. Propati. Izi noti a fankisheni."

Akaitwa dereva wa pili. Hivyohivyo. Wa tatu, hivyohivyo. Jumatatu aliyekataliwa alikuwa mmoja; sasa walikuwa wote.

Sasa pale mbele alisimama dereva anayeitwa Gwakisa, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hakuacha nafasi yoyote ya kuwakumbusha watu jambo hilo. Akainua mkono. "Hicho ni Kiingereza chepesi. Hasi oni propati. Ana mali yake mwenyewe. Yaani inataka dereva awe na mali yake mwenyewe. Kama huna, hufanyi kazi."

Wengi wa waliokuwepo waliendesha pikipiki za watu wengine na kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni.

"Kwa hiyo sisi wa pikipiki za matajiri tumetengwa!"

"Nilijua tu! Nilisema huo mfumo una mtu nyuma yake!"

"Mwalimu, umetuuza!"

Mmoja aliyekuwa na pikipiki yake mwenyewe alikwenda kuichukua kadi ya pikipiki nyumbani, akarudi mbio akiinyanyua juu. Akakataliwa na yeye, na hapo ndipo mambo yalipochafuka, maana sasa hata wenye mali walikuwa upande wa waliokasirika. Boazi, aliyekuwa ametaka kompyuta ndiyo igombane na watu, alijikuta amesimama kati ya kompyuta na watu.

Mwalimu Marita alikuwa ameinama kwenye daftari lake la mraba, akitazama ile mia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mfupa. Akaichukua simu.

"Irene."

"Nilikuwa bado naongea, Mwalimu, ukanikatia."

"Najua. Malizia."

"Nilitaka kusema hivi. Mkaguzi wako anaiuliza fomu yenyewe: wewe fomu, unayo namba ya simu? Huo uwezo wa kujibu swali hilo, huo hasOwnProperty, fomu iliupata kwa mzazi. Wewe umemwondoa mzazi. Sasa mkaguzi anauliza, na fomu haina mdomo."

Mwalimu akafumba macho. "Kucha," alisema.

"Nini?"

"Paredi, asubuhi. Sikuwahi kumuuliza mtoto kama amekata kucha. Niliishika mikono yake nikaangalia mwenyewe."

"Ndiyo hivyohivyo! Usiiombe fomu ijibu. Ichukue uikague kwa nje. Siku hizi kuna njia fupi, Object.hasOwn, unaipa fomu na jina la sehemu unayoitafuta. Lakini simu ya mwenyekiti ni ya zamani, huenda haiijui. Tumia ile ndefu: Object.prototype.hasOwnProperty.call, halafu fomu, halafu jina la sehemu. Hiyo inafanya kazi kwa fomu yenye mzazi na isiyo na mzazi."

Safari hii Mwalimu hakukata. Aliuliza, "Umemaliza?" Irene akasema amemaliza. "Una uhakika?" Ana uhakika. Ndipo akaaga.

Aliiandika mistari mitatu kwenye daftari kwanza, kelele zikiendelea juu ya kichwa chake, akaihakiki, akaiingiza. Akajaribu fomu iliyojaa. Ikapita. Akajaribu fomu isiyo na namba ya simu. Ikakataliwa kwa sababu ya kweli. Akajaribu constructor, akajaribu Chuma mara mbili, akajaribu jina tupu, akajaribu kila kitu kibaya ambacho darasa la sita B lingeweza kufikiria. Kisha akayafuta majaribio yote, akasimama, akamnyang'anya Boazi kipaza sauti.

"Kaeni chini."

Madereva mia mbili wakakaa chini, wengine juu ya mawe, wengine chini kabisa, na wengi wao hata hawakuwahi kusoma Iyula.

"Hakuna aliyetengwa. Hayo maneno hayahusu pikipiki za watu. Ni mashine inalalamika kwamba mimi nimeiuliza vibaya. Jumatatu nilimwambia Lusubilo kwamba yupo Constructor mwingine. Hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilikosea mimi, mtu akazunguka mji siku nne mpaka akavuka mpaka. Jana nikasahihisha bila kusikiliza hadi mwisho, nikawakosea ninyi wote." Akamgeukia aliyevaa kofia ya njano. "Lusubilo, nisamehe."

Hakuna aliyejua afanye nini. Mwalimu wa hisabati kuomba radhi kwa kipaza sauti ni jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona. Mama muuza maharage, aliyekuwa amekuja kutazama, ndiye aliyesema peke yake, kwa sauti ya chini, kwamba sasa yeye alibebwa na nani.

"Yameisha, Mwalimu," Lusubilo alisema. "Kwanza nimepata rafiki Nakonde."

Boazi akabonyeza tena. Ikapita. Baada yake wakapita wengine, wenye pikipiki na wasio nazo, hadi saa saba na nusu. Sita katika wale kina Chuma walilazimika kutafuta majina mapya, na wawili kati yao walikaribia kupigana kwa sababu ya Radi. Gwakisa, baada ya kuulizia kwa makini ni majina gani mengine ambayo kompyuta inazaliwa nayo, alijiandikisha kama Valueof, na alikataa kumweleza mtu yeyote maana yake.

Kuhusu Lusubilo, jina lilimpanda kichwani. Hakuweza kumfikisha abiria hata kwenye mizani ya malori kabla hajamweleza kwamba jina lililo mgongoni mwake limo ndani ya kila kompyuta, Dar, Ulaya, popote, na kwamba mwanamke mtaalamu wa Mbeya alithibitisha kwa simu, mashahidi wapo. Mzee wa Nakonde alipopelekewa habari hiyo alipaka kibao chake rangi upya.

Siku ile vizibao vilipoisha mezani, mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Mbozi, na Mwalimu alikuwa akifunga kompyuta yake kwenye mfuko wa plastiki. Lusubilo akaleta pikipiki mbele yake.

"Panda, Mwalimu, nikupeleke. Mvua hiyo."

"Una helmeti ya abiria?"

Akampa. Mwalimu akaivaa, akauvuta mkanda wake mara mbili, akapanda kwa upande, daftari na kompyuta kifuani. Wakaondoka kandokando ya foleni ya malori, Lusubilo akipiga honi kwa kila anayemjua, na alikuwa akijua wengi. Matone ya kwanza yalipoanza, akaongeza mwendo. Mwalimu akamgonga begani na kumwambia apunguze.

Akapunguza.